Ng'ombe Mwenye Magurudumu

Mwaka niliokuwa darasa la pili, mama alikwenda Arusha kusomea ukunga, akaniacha Karatu na baba. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo aliondoka naye mgongoni. Mimi nilibaki kwa sababu ya shule, na baba alibaki kwa sababu ya barabara. Alikuwa dereva wa greda. Kazi yake ilikuwa kuisawazisha barabara ya vumbi jekundu inayopanda kutoka Karatu kwenda lango la Ngorongoro, na kwa kuwa malori na magari ya watalii yaliichimba upya kila alipoipa kisogo, kazi hiyo haikuwa na mwisho. Baba hakulalamika. Alikuwa akisema barabara ni kama nywele za mtoto: unazichana leo, na kesho unazichana tena.

Kabla ya kuondoka, mama alitutembeza jikoni kama mtu anayekabidhi ofisi. Alimwonyesha baba debe la unga, chungu cha maharage, chumvi, na mahali alipoficha sukari, maana miaka ile sukari ilifichwa hata kama hamna mgeni. Kisha akanishika bega.

"Na huyu anakula shuleni mchana. Asiende mikono mitupu."

"Usiwe na wasiwasi," baba alisema. "Kupika kuna nini? Unawasha, unakoroga, unazima."

Mama alinitazama. Yale macho nayakumbuka hadi leo. Yalikuwa yananipa pole mapema.

Shule yetu ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya ngano, kwa hiyo watoto wa upande wetu hatukurudi nyumbani mchana. Kila mtu alibeba chake: viazi vitamu, boga la kuchemsha, makande kwenye kopo, na wenye bahati zao chapati. Tulikaa nyuma ya madarasa, upande usiopigwa na upepo, tukala huku tukichunguliana.

Baba hakuwa na subira ya makande. Alibuni kitu chake. Alisonga ugali wa unga wa njano, akaufinyanga ukawa bonge la duara, akatoboa tundu katikati, akatia maharage, kisha akaziba tundu kwa ugali mwingine. Alilitazama lile bonge kwa fahari ya fundi. Chakula na mboga yake ndani, hakimwagiki hata mtoto akikimbia! Akalifunga kwa karatasi ya mfuko wa saruji aliyoitoa kambini kwao, akakaza kwa kamba ya katani, akaniaga.

Kufika mchana bonge lilikuwa limekauka kama tofali. Siku zile habari za vita zilikuwa redioni asubuhi na jioni, kwa hiyo wenzangu hawakupata shida kulipa jina. Wakaliita bomu. Nilijaribu kuling'ata upande mmoja, nikajaribu upande wa pili, mwishowe nikalifunga tena kama lilivyokuja na kulirudisha nyumbani.

"Mbona hujala?" baba aliuliza jioni.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba chakula hakisemwi vibaya. Nikatafuta namna ya kusema.

"Kilinuna," nikasema.

"Nini kilinuna?"

"Chakula. Nilipokifungua kilikuwa kimenuna."

Baba hakucheka. Alilichukua bonge, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku kama anayetafuta uso wake.

"Kweli," alisema. "Kimenuna sana."

Asubuhi iliyofuata, maji ya ugali yakiwa jikoni, alichomoa ile penseli nene aliyoiweka nyuma ya sikio, ya kuwekea alama vigingi vya barabarani. Akainama juu ya karatasi ya saruji. Sikuruhusiwa kuona. Alipomaliza alinikabidhi kifurushi na kusema, "Leo nimekibembeleza."

Mchana nilikuta kwenye karatasi uso mkubwa wa duara, umecheka hadi masikioni. Meno yake yalikuwa mengi na marefu, kama reki. Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika, na kwa kuwa nisingeweza kumwacha mtu aliyenichekea namna ile, nikaling'ata bomu kidogo pembeni. Jioni baba aliliona lile pengo. Alipiga mluzi hadi wakati wa kulala.

Tangu siku hiyo hakukuwa na asubuhi bila picha. Alikaa kwenye kigoda kando ya moto, karatasi gotini, ncha ya ulimi imetoka nje, akichora alichokutana nacho barabarani jana yake: tembo, twiga, nyani, siku nyingine mtalii. Tatizo ni kwamba katika maisha yake baba alikuwa ameangalia kwa makini kitu kimoja tu, nacho ni greda. Mkono wake haukujua umbo jingine. Tembo wake badala ya mkonga alikuwa na bamba la kuchongea udongo. Twiga wake alikunja shingo mahali ambapo greda hukunja chuma chake. Na wote, hata yule mtalii, chini walikuwa na miguu ya mviringo.

Wenzangu darasani walilipenda jambo hilo kuliko mpira. Kengele ya mchana ikilia walinizunguka kabla sijafungua kamba.

"Tembo!"

"Trekta!"

"Nyie, hamuoni masikio? Ni sungura amekalia pipa!"

Mimi mwenyewe sikujua jibu. Baba alikataa kuniambia asubuhi. Alisema nikaangalie mwenyewe. Nikirudi jioni nikimuuliza, naye aliniuliza, "Wao wamesemaje?"

"Wengi wamesema birika."

"Basi alikuwa birika," alisema, akaendelea kuosha miguu.

Katika dawati langu nilikaa na msichana aliyeletwa katikati ya muhula. Alitoka Nainokanoka, huko juu kwenye baridi, kwa wafugaji. Shangazi yake aliolewa Karatu na aliuza maziwa sokoni, ndiye aliyemchukua ili asome. Kiswahili kwake kilikuwa kitu cha shuleni tu, kama chaki, na tangu aje hakuna aliyesikia sauti yake. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani, akimuuliza swali, yeye alitazama sakafu mpaka swali likachoka lenyewe. Mchana alikaa peke yake, mgongo ukutani, akanywa maziwa kutoka kwenye kibuyu kidogo chenye kifuniko cha ngozi. Watoto wengine walisema hasikii. Mimi nilijua anasikia, kwa sababu nikivunja penseli dawatini aligeuka.

Asubuhi moja baba alinipa kifurushi na kuvunja kanuni yake.

"Leo hakuna kubahatisha," alisema. "Hata kipofu ataona kwamba huyu ni ng'ombe."

Nilipofungua, mmoja akasema meza, mwingine akasema basi la Arusha. Nikawatangazia kwa majivuno, "Ni ng'ombe!"

Hapo yule msichana aliinuka pale ukutani. Alipenya katikati ya watoto, akainamia karatasi, akatazama. Kwanza mabega yalimtikisika. Kisha akaweka kiganja mdomoni, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, chembamba, cha juu, kama cha mtu anayetekenywa. Wote tukageuka kumtazama.

"Hii si ng'ombe," alisema.

"Anaongea!" mtoto mmoja alipiga kelele, akakimbia kwenda kumwambia mwalimu.

Yeye hakujali. Aliweka kidole kwenye mgongo wa mnyama. "Nundu iko wapi?" Akashuka na kidole mpaka chini. "Na hii ni miguu? Hii ni gari." Akanyooka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe kama hii, kwetu, hata fisi hataki."

Jioni nilimpelekea baba ujumbe huo neno kwa neno, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniambia nipunguze. Baba aliweka kikombe chini.

"Hata fisi?"

"Hata fisi."

"Ni nani huyo?"

Nikamweleza. Alisikiliza, akajikuna kidevu chenye vumbi la kutwa nzima.

"Mwambie nashukuru," alisema mwishowe. "Mwambie nundu inakuja kesho."

Nundu ilikuja kesho yake, lakini ilikaa katikati ya mgongo, mahali pa kuwekea mzigo. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa rafiki yangu, aliitazama kwa huruma. "Imeteleza," alisema. Akanigeuza, akanigusa palepale chini ya shingo, juu ya mabega. "Hapa. Mwambie hapa." Siku iliyofuata nundu ilikuwa mahali pake, ila masikio yalisimama kama ya punda. Baada ya masikio zikaja pembe, na baada ya pembe ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo, ambayo baba aliichora kama tai ya mwalimu mkuu. Kila mchana karatasi ilifunguliwa kati yetu wawili, hukumu ikatolewa, na kila jioni niliifikisha nyumbani. Mchoraji na hakimu wake hawakuwahi kuonana. Mimi ndiye niliyekuwa barabara.

Katika siku hizo ndipo rafiki yangu aliponiona nikipigana na bomu. Alilichukua, akalivunja kwa kulipiga kwenye jiwe, akaviweka vipande kwenye kifuniko cha kopo langu la maji na kumimina maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Tukasubiri. Ugali ulilainika, maharage yakaelea, na maziwa yalikuwa na ile harufu ya moshi ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto. Tulikula kwa vidole mpaka kifuniko kikang'aa. Sijui kama nimewahi kula kitu kitamu kuliko kile, na nimekula katika hoteli zenye vitambaa mezani.

Baba alianza kuona karatasi tupu zikirudi nyumbani. Mimi sikuona sababu ya kumharibia furaha.

"Unaona, mama?" aliniambia, ndivyo alivyoniita akifurahi. "Siri ni kukoroga sana."

Akapata ujasiri. Wiki ile bomu lilipata boga. Kisha likapata ndizi na kitunguu pamoja. Siku moja alitia dagaa, na wakati wa kufinyanga wengine wakabaki wametoa vichwa nje. Rafiki yangu, ambaye kwao samaki hawaliwi, alifungua karatasi na kurudi nyuma.

"Wananitazama," alisema.

Tuliwapa mbwa wa mlinzi wa shule. Baadaye aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba yako ni mgonjwa?"

"Hapana. Anapika."

Huko barabarani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Baba alikuwa ameanza kusimamisha greda kila alipokutana na mifugo. Zamani alipiga honi wapite. Sasa alizima injini, akashuka, akawazunguka ng'ombe mmoja mmoja akiwa amefumba jicho moja na kunyoosha penseli mbele. Jioni moja alirudi akiwa amekasirika kidogo. Vijana wawili wachungaji walikuwa wamemuuliza anatafuta nini.

"Nikawaambia sitafuti kitu, naangalia masikio tu."

"Wakasemaje?"

"Wakaulizana kwa lugha yao, halafu wakawafukuza ng'ombe mbio mpaka bondeni. Mmoja alikuwa anatembea kinyumenyume ili asiniache machoni." Akatikisa kichwa. "Na nilikuwa bado sijafika mkiani."

Muda si mrefu ng'ombe wa baba akaanza kueleweka. Watoto hawakubisha tena. Wakimwona walisema "ng'ombe" na kurudi kwenye viazi vyao, na mchezo ukawapungukia ladha. Hukumu zilibaki kwetu wawili. Ndipo baba akatuma swali.

"Muulize anapenda ng'ombe wa rangi gani. Huyu sasa amekamilika, tumpake rangi."

Nilimuuliza mchana. Alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu, akaufuta.

"Kuna ng'ombe yangu," alisema. "Baba alinipa ikiwa ndama. Nimeiacha huko."

Akaanza kunieleza jinsi ng'ombe huyo alivyo, na Kiswahili chake kilipoishia alitumia mikono. Mwekundu, lakini si mwekundu wa damu, mwekundu wa udongo. Tumbo jeupe. Kwenye paji la uso doa jeupe lenye ncha, kama jani. Pembe moja imesimama vizuri na ile ya kushoto imeinama, inashuka karibu na jicho, kwa hiyo akitaka kukuangalia hugeuza kichwa hivi. Akanionyesha. Aligeuza kichwa, akaniangalia kwa jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie achore huyu," alisema.

Nilikimbia njia nzima. Baba alinisikiliza huku ananawa, na nilipomaliza alinawa tena upya, kama anayejiandaa kula.

"Kumbe siku zote alikuwa anamtafuta wake," alisema.

Kazi hiyo haikuwa ya asubuhi moja. Kwa rangi alichota udongo wa barabara yake mwenyewe, akauchekecha kwa kitambaa cha chai na kuukoroga kwa maji kidogo. Mkaa ulitoa pua na kwato, chokaa ikatoa tumbo. Alipaka kwa kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikawa brashi. Huku nyuma ugali uliungua, tena sana, na siku hizo nilikwenda shule na viazi vya jirani, mama mmoja aliyekuwa anasikia harufu ya moshi wetu na kuja bila kuitwa.

Pembe ndiyo iliyotusumbua.

"Amesema ya kushoto," baba alisema. "Kushoto kwa nani? Kwangu ninayemtazama, au kwa ng'ombe mwenyewe?"

Nikalibeba swali hilo mpaka shuleni. Rafiki yangu alinishangaa.

"Pembe ni ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Sasa kushoto itakuwa ya baba yako?"

Baba alipopata jibu hilo alisema mtoto huyo akikua awe jaji, akaihamisha pembe.

Kwato zilimshinda. Kila alipofika chini mkono ulirudia mviringo, na kila mviringo ukawa gurudumu. Mwishowe akafanya ujanja: alimsimamisha ng'ombe kwenye nyasi ndefu zilizomfika magotini. Mimi niliona ni akili kubwa.

Siku nilipoipeleka picha iliyokamilika, rafiki yangu hakucheka wala hakukosoa. Alimtazama ng'ombe, akageuza kichwa kwa upande, yule naye akiwa amegeuza kichwa kwenye karatasi, wakatazamana. Kisha akaiviringisha karatasi taratibu na kuitia ndani ya mfuko wake wa daftari. Siku hiyo tuligawana maziwa, na kuanzia kesho yake alisema kwa niaba ya miezi yote aliyonyamaza. Aliniambia habari za ng'ombe huyo asubuhi, wakati wa hesabu na wakati wa kuimba. Mwalimu, yule yule aliyekuwa akihuzunika kwamba mtoto haongei, ilibidi atutenganishe madawati kwa ajili ya kelele.

Siku ya kufunga shule wazazi waliitwa. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na greda lake, akaliegesha nje ya uzio. Nusu ya wanafunzi ikahamia huko. Baba yake rafiki yangu naye alikuwa amekuja. Alikuwa ametembea kutoka Nainokanoka mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akapata lori la kumshusha Karatu. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, fimbo mkononi, shuka limejaa vumbi ambalo bila shaka baba yangu alilijua. Binti yake alimwinamishia kichwa, naye mzee akamgusa utosini, ndiyo salamu yao kwa watoto. Mimi nami nikainamisha changu, nikaguswa.

Kisha binti akatoa ile karatasi.

Mzee aliitazama muda mrefu. Alimwangalia ng'ombe wa kwenye picha kama anavyoangaliwa ng'ombe aliyepotea akaonekana kwa jirani. Akamuuliza binti yake jambo kwa Kimasai, naye akanyoosha kidole kwa baba yangu. Mzee alivuka uwanja, mwalimu akimfuata nyuma kwa wasiwasi.

"Wewe," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa kizito lakini kilifika. "Hii ng'ombe ni yangu."

"Shikamoo, mzee," baba alisema.

"Marahaba. Umeiona wapi?"

"Sijawahi kumwona."

"Hujaiona." Mzee aliweka kidole kwenye paji la uso la ng'ombe. "Na hili doa?"

"Nimeambiwa."

"Na pembe?"

"Nimeambiwa pia. Nimesumbuliwa sana na hiyo pembe."

"Nani amekuambia?"

"Binti yako. Kupitia binti yangu."

Mzee aligeuka. Sisi wawili tulikuwa tumeshikana mikono, tukitazama vidole vyetu vya miguu. Kwa kitambo nilidhani tumeiba ng'ombe. Mzee akarudi kwenye karatasi. Akaisogeza karibu na uso.

"Miguu iko wapi?"

"Iko ndani ya nyasi," baba alisema.

"Kwetu sasa hivi nyasi ni fupi. Imeliwa yote."

"Ndiyo maana yeye amenenepa," baba alijibu.

Kicheko cha mzee kilianzia tumboni na kikachukua muda kufika juu, lakini kilipofika kilimfanya aegemee fimbo. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akacheka naye, pengine kwa kushukuru tu kwamba hakuna kesi. Wanaume wale wawili walikaa kwenye kivuli cha greda mpaka wazazi wote wakaondoka. Baba alimpandisha mzee kwenye kiti cha dereva. Mzee alishika usukani, akauliza mashine inakula nini, akaambiwa, akasema ng'ombe ni nafuu. Kabla ya kuagana alimwambia baba aje Nainokanoka amwone mnyama kwa macho yake. "Uone miguu," alisema.

Mama alirudi mwanzoni mwa likizo. Aliingia jikoni kabla ya kuketi, akainua sufuria moja baada ya nyingine, akachungulia kitako cheusi cha kila moja.

"Mlikuwa mnapika au mnachoma makaa?" aliuliza.

"Muulize mtoto," baba alisema. "Alikuwa anamaliza kila kitu."

Mama alinishika mashavu, akanipima mkono kwa vidole vyake, akanikuta nimenenepa. Hakuelewa. Nilimnong'oneza siri ya maziwa alipokuwa ananisuka, akacheka mpaka kitana kikamwanguka, lakini hakumwambia baba. Ninavyojua, hakumwambia kamwe.

Katika likizo hiyohiyo mvua ziliharibu njia ya Nainokanoka na baba akapangiwa kwenda kuitengeneza. Greda lilitangulia na dereva mwenzake. Yeye na mimi tulifuata kwa lori la kazi. Nilikuwa sijawahi kufika juu kule. Ukungu ulikaa chini kiasi kwamba ng'ombe walitokea ghafla mbele ya lori, kichwa kwanza, mwili baadaye, na baridi ilipenya sweta langu kana kwamba halikufumwa. Rafiki yangu alikuwa anatungoja njiani amejifunika shuka mpaka puani. Alinishika mkono na kunikimbiza mpaka kwenye boma lao.

Ng'ombe alikuwa amesimama pembeni mwa zizi. Alikuwa mwembamba kuliko wetu wa kwenye karatasi na mdogo kuliko nilivyomtarajia, lakini doa lilikuwa doa, na pembe ilikuwa pembe. Aligeuza kichwa akatutazama kwa jicho moja. Baba alivua kofia.

"Ni yeye," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu aliyekuwa akimjua kwa barua tu.

Rafiki yangu alimletea ile karatasi ili arekebishe chini. Baba aliiviringisha na kuichomeka mfuko wa nyuma wa suruali, akachuchumaa kwenye matope, akaanza kuzichunguza kwato. Alizitazama mbele, akazitazama kwa upande. Aliinua moja kama fundi anayekagua tairi, na ng'ombe akamruhusu. Mzee na wake zake na watoto wa boma wote walisimama kumtazama mtu mzima aliyetoka Karatu kuja kutazama miguu.

"Imegawanyika katikati," baba alisema akiwa huko chini. "Mbona hamkuniambia imegawanyika?"

Lakini sote tulikuwa tunatazama juu yake. Karatasi ile ilikuwa imewahi kufungia bomu la maharage yenye chumvi kabla baba hajaipaka rangi, na ng'ombe wa kule juu wanaipenda chumvi kuliko majani. Yule ng'ombe alikuwa ameinamisha shingo taratibu, akanusa suruali ya baba, akatoa ulimi. Picha ilitoka mfukoni bila baba kuhisi kitu. Nilitaka kupiga kelele. Rafiki yangu alinibana mkono.

"Mwache," alisema. "Ni yake."

Baba alipogeuka, nyasi ndefu zilikuwa zimeshaliwa, tumbo jeupe lilikuwa linaingia, na iliyobaki nje ya mdomo ilikuwa ni pembe moja, ile iliyoinama. Kisha nayo ikaingia. Ng'ombe alitafuna kwa utulivu akimtazama baba kwa jicho lake moja. Mzee alikuwa ameshakaa chini, fimbo imemtoka mkononi, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka. Baba alisimama na magoti yenye matope, akajipapasa mfuko mtupu, akaangalia duara lote la watu wanaocheka, na mimi nikaogopa kidogo kwamba atakasirika. Badala yake alimgeukia mzee.

"Mzee," alisema, "una karatasi?"

Hawakuwa na karatasi. Walikuwa na chai ya maziwa yenye moshi, tukanywa ndani, macho yakituwasha, baba akichora kwato kwa kijinga cha moto kwenye sakafu ya udongo, na rafiki yangu akizifuta kwa mguu na kumwambia arudie.